Kumwiga Mama Mbele ya Watu

Kazi yangu Uingereza ilikuwa kumwiga mama yangu. Nilikuwa mchekeshaji, yule anayesimama peke yake na maiki, na kwa miaka mingi nilihangaika katika vyumba vya juu vya baa bila kufika popote, mpaka siku nilipojaribu kusema kwa sauti yake. Mama alitoka Tanga akaja kuwa muuguzi Leicester, na alikuwa akigombana na kampuni ya gesi kwenye simu kama anayegombana na muuza samaki aliyempunja. Basi, hicho tu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya hapo nikaitwa kwenye televisheni, na watu nisiowajua wakawa wananisimamisha barabarani: "Tufanyie mama!" Nikawafanyia. Nimewahi kumfanya mama kwenye foleni ya posta.

Mwenyewe alikuja kuniona mara moja. Tulipokuwa kwenye gari kurudi nyumbani akasema, "Mimi siongei vile. Vile anaongea mama yangu." Bibi yangu huyo alikufa kabla sijazaliwa. Sikuwahi kusikia sauti yake.

Mama alifariki Februari. Ziara ya maonyesho Marekani ilikuwa imeshapangwa kwa vuli ya mwaka uleule, nami sikuweza kuiahirisha, au sikutaka. Jukwaani niliendelea kusema "mama anapenda", "mama hataki", kana kwamba yuko nyumbani anaunga mchuzi.

Louisville nilifikia kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, mtaa wa Beechmont. Jirani zake walikuwa Wakongo, na bibi wa nyumba ile alipenda kushinda jikoni kwa dada, maana wanawe wote walikuwa kazini kwenye maghala. Mchana mmoja dada akaniomba nimwige mama kidogo. Nikamwiga, namsalimu kila mtu na kulalamikia baridi. Bibi akaacha kumenya ndizi.

"Ule mama iko wapi?" akauliza.

"Mama yupi, bibi?"

"Ule mwenye amenisalimia sasa hivi."

Dada akamweleza polepole kwamba ni mimi, kwamba ndiyo kazi yangu, na kwamba mama mwenyewe ameshafariki. Bibi akaniangalia usoni, hakutabasamu.

"Bon. Usimuite bure-bure. Akikuya, utamwambia nini?"

Wajukuu wake wakacheka, wakaambiana kitu kwa Kiingereza. Nami nikacheka nao, eti mama akija.

Jioni ile ukumbi ulijaa, na mambo yalikwenda vizuri. Dada alikaa mstari wa mbele. Tulipotoka nje alinivuta kando.

"Lile jina umelitoa wapi?"

"Jina gani?"

"Umeniita pale mwisho. Jina alilonipa mama yako nikiwa mtoto, Tanga. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo zaidi yake."

Wachekeshaji wengi hurekodi maonyesho yao ili kusikia wapi watu walicheka. Tukasikiliza rekodi yangu ndani ya gari lake, taa zimezimwa. Jina lilikuwepo. Sauti ilikuwa ya mama, inatoka kinywani mwangu, na mimi sikukumbuka kulitamka. Sikukumbuka hata kulijua.

Columbus, mji uliofuata, niliamua kufupisha sehemu ya mama. Nilipofika nilipotaka kuishia, nikafunga mdomo, na ukafunguka wenyewe. "Hebu kaa, mwanangu. Umechoka wewe." Sauti ya mama, kwa Kiswahili, mbele ya watu wasiojua neno hata moja. Nikakaa kwenye kile kistuli cha kuwekea chupa ya maji. Wakacheka sana, wakadhani ndivyo nilivyopanga. Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Mgongo ulikuwa na joto, kama mtu ameweka kiganja.

Wakala wangu wa London, anayenitafutia kazi, alipiga simu asubuhi yake akiwa na furaha. Amesikia rekodi, anasema hiki ndicho kitu bora nilichowahi kufanya. Kuna kituo cha televisheni kinataka kurekodi onyesho lijalo, la Buffalo, lote. "Usibadilishe chochote," akasema. Nilitaka kumwambia kwamba mama amekufa. Nikamwambia sawa.

Buffalo tulipaswa kurekodi Jumapili alasiri. Nilifika mapema kujaribu sauti, upepo wa ziwani ukinisukuma mlangoni. Ukumbi ulikuwa mtupu, na jukwaani zilikuwa zimesimamishwa maiki mbili.

Fundi wa sauti, mzee mpole mwenye koti la sufu, akashuka kwenye ngazi. "Mwenzako anakuja saa ngapi?"

"Niko peke yangu."

"Yule mama mwingine. Watu wa televisheni wamenitumia rekodi ya Columbus ili nipange sauti. Mko wawili. Kuna mahali mnaongea kwa pamoja."

Nilimwambia hapana, ni mimi ninayeigiza. Akavuta mdomo kama mtu asiyependa kubishana na mgeni, akaikamata ile maiki ya pili aiondoe.

"Iache," nikasema.

Watu walipojaa na kamera zikawashwa, nilisimama kwenye maiki yangu. Sikuanza na kampuni ya gesi. Niliwaambia kwamba mama yangu alikuwa muuguzi, kwamba alifariki Februari, na kwamba wote waliomcheka kwenye ziara hii walikuwa wakimcheka marehemu bila kujua. Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha. Nikageukia maiki ya pili, nikasema, "Shikamoo, mama. Leo sikuigi."

Nikasubiri. Nilisikia mashine ya joto ikivuma na viti vikilia. Nilitaka mno ajibu, na niliogopa mno asije akajibu. Hakuna kilichotoka, si kwake wala kinywani mwangu. Nikaendelea na vichekesho vingine, vibovu, watu wakapiga makofi ya huruma.

Televisheni ile haikulichukua onyesho. Wakala naye, baada ya miezi kadhaa, aliacha kupokea simu zangu, nikarudi kwenye vyumba vya juu vya baa. Jambo gumu zaidi ni kwamba sauti iliondoka. Najaribu bafuni, najaribu nikipika, na kinachotoka ni mwanamke wa Leicester anayemwigiza mtu wa Tanga.

Majira ya baridi yaliyofuata, kwenye kituo cha basi karibu na hospitali alikokuwa akifanya kazi mama, kijana mmoja alinitambua. "Tufanyie mama!"

"Alifariki," nikamwambia.

Akavua kofia. Akaomba radhi, kisha akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikafungua mdomo nimweleze, na kwa mara ya kwanza ikanibidi nitafute maneno yangu mwenyewe.