Mkungu wa Baba Altareni

Jumapili ya mavuno baba alipeleka kanisani mkungu wa ndizi mkubwa kiasi kwamba wanaume wawili waliubeba kwa kuuning'iniza kwenye mti. Padre aliusifu, akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikainamisha kichwa. Niliuchukia mkungu ule, na nauchukia hadi leo.

Mapema wiki ileile, kabla ya Jumapili hiyo, mdogo wake baba, ambaye hakuoa, alikuwa amerudi kutoka kambi za wavuvi kule kisiwani Goziba, amekonda, anapumua kwa shida. Hawakuwa wakisemezana tangu baba alipodai kuwa baba mdogo amesogeza milamula, ile mimea ya mpaka iliyotenga vibanja vyao vya migomba hapa Hamugembe. Kesho yake tu mgonjwa alikuja kwetu, ameshika kwa mikono miwili kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Kwetu, ukimpa mtu kahawa hiyo akaitafuna, ugomvi umekwisha. Baba hakunyoosha mkono. Alimwacha amesimama uani mpaka akachoka, akaondoka na kifurushi chake.

Jumamosi nilimkuta baba ananoa panga. Nikashindwa kunyamaza.

"Taata, anzia kwa mdogo wako. Ndizi zitangoja."

"Usinifundishe dini, wewe. Mungu namtolea kilicho bora."

Kilicho bora! Kana kwamba Mungu analala njaa akitusubiri tumpelekee ndizi. Damu nzito kuliko maji, husema watu, lakini baba aliziba masikio akaingia migombani.

Tulikuwa bado nje ya kanisa, mkungu unanadiwa watu wakicheka, jirani alipofika na bodaboda kutuambia baba mdogo amekata roho. Baba aliuliza, "Nani alikuwa naye?" Hakuwa na mtu.

Tangu hapo baba hakosi misa ya asubuhi. Ametoa mbuzi, ametoa mabati ya kanisa la kigango, na bado anatafuta cha kutoa. Mwanzoni nilimkasirikia sana. Sasa hata hasira imeniisha, nimekata tamaa tu. Nikisali, sijui nimwombee nini.

Juzi nilikuwa jikoni namenya ndizi, akaja akakaa karibu yangu. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, kuomba radhi kunaanzaje. Nikamwambia mtu huenda kwanza nyumbani kwa yule aliyemkosea.

"Nyumbani kwa nani, mwanangu?"