Tumbo Lililokataliwa Kukandwa

Tumbo langu lilikuwa linadunda. Haliumi, linadunda tu, juu kidogo ya kitovu, na nikilala chali naiona khanga inapanda na kushuka. Nilikuwa na miaka sitini na mbili, nimestaafu kufundisha hesabu Kilwa Kivinje, na nilijiambia ni mchango. Kwetu tumbo la mwanamke likileta jambo lisiloeleweka, jina lake ni mchango na dawa yake ni kukandwa.

Nikaenda Kilangala kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Amewakanda wanawake wa vijiji vyote vya jirani. Nikalala mkekani, akajipaka mafuta ya ufuta viganjani, akaviweka tumboni. Hakukanda. Alitulia hivyo kwa muda, macho kayafumba, kisha akaondoa mikono na kuifuta.

"Vaa, mwanangu."

"Mbona hata hujaanza?"

"Hili sikandi. Nenda hospitali, na uende leo."

Nilikasirika. Nilikuwa nimesafiri tangu alfajiri, tena mimi si mtu wa kuficha hasira. Nilimwambia uzee umemwingia mikononi. Alinisindikiza hadi barabarani akasimama mpaka nikapanda gari la Lindi.

Mpimaji wa ultrasaundi aliangalia kioo chake, akamwita daktari. Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kushuka tumboni, ulikuwa umetuna sehemu moja, kama tairi la baiskeli lililochoka likatoa nundu. Daktari alisema ukipasuka, ni wachache wanaowahi kufikishwa hospitali. Akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Niliogopa mpaka nikasahau viatu mlangoni.

Nilidhani daktari bingwa ni bingwa, basi. Karani aliona neno "tumbo" kwenye rufaa yangu akanipanga kwa bingwa wa matumbo. Huyo akaisoma, akacheka kwa upole: yeye ni wa utumbo, mshipa wangu unapita tu katika eneo lake. Nilimwuliza kama anajua nimesubiri siku ngapi kumwona. Akanipeleka kwa bingwa wa moyo. Huyu alinipima, akanipa dawa za presha, akasema moyo ni mzima na yeye anaishia kifuani. Wa tatu alikuwa mpasuaji wa kawaida, kijana mwenye adabu. Nilimwuliza swali ambalo nimewauliza mafundi wote waliowahi kuezeka nyumba yangu.

"Kazi kama hii umeshafanya mara ngapi?"

Akatazama meza. "Nimesaidia mara mbili, mama. Subiri mpasuaji wa mishipa ya damu. Kazi hii ni yake."

Nikamwombea dua palepale. Darasani nilimpenda sana mtoto aliyeweza kusema sijui.

Mpasuaji wa mishipa alikuwa mwanamke, umri wa kitindamimba wangu. Aliniamkia shikamoo kabla ya kugusa faili, kisha akaongea nami kwa namba, lugha yangu. Uvimbe una sentimita nne na nusu. Kwa sasa kupasua kuna hatari zaidi kuliko kungoja, kwa hiyo tutapima kila miezi sita. Nimeze dawa za presha, nisibebe ndoo wala gunia, na mtu yeyote asinibonyeze tumbo. Kisha akauliza kama katika ukoo wetu kuna aliyekufa ghafla kwa maumivu ya tumbo au mgongo.

Nikamweleza habari za mama. Nilikuwa chuo cha ualimu wakati ule. Niliambiwa alilalamika tumbo, akakandwa siku mbili, siku ya tatu akashika mgongo na kuanguka jikoni. Watu walisema jini. Nilipofika hapo nikakumbuka ni nani aliyemkanda.

Mpasuaji akasema huenda ulikuwa ugonjwa huu, huenda siyo. Kama ulikuwa huu, mshipa hupasuka hata bila kuguswa, na leo hakuna anayeweza kujua. Ila ndugu zangu na wanangu wapimwe, na mama mdogo pia.

Nilirudi Kilangala na maneno hayo. Mama mdogo alikuwa uani anapepeta mtama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka ungo chini.

"La mama yako nalo lilikuwa linadunda," akasema. "Nikadhani mchango umekuwa mkali. Nikaongeza nguvu."

Miaka arobaini hakuwahi kumwambia mtu. Nilimkasirikia, sitasema uongo, na nilimhurumia wakati huohuo. Nikamrudia maneno ya mpasuaji, kwamba hakuna anayeweza kujua.

"Lako nililijua nilipoweka tu kiganja," akasema.

Tulikwenda Lindi pamoja kumpima. Mshipa wake ni mzima, mwembamba kama wa msichana, na mpimaji alipomwambia hivyo hakufurahi hata kidogo. Tangu siku hiyo kila miezi sita ananisindikiza, tunakaa benchi moja, mimi na majibu yangu ya zamani mkobani.

Mara ya mwisho, kabla sijaitwa ndani, niliuchukua mkono wake nikauweka juu ya kitovu changu.

"Usibonyeze," nikamwambia.

"Sibonyezi," akasema, akaanza kulia.