Kiuno cha Sisimizi

Harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na moshi wa mbao kavu hunichefua hadi leo. Hunikumbusha Bwana Onditi, mpumbavu aliyeheshimiwa sana kwetu Otonglo nilipokuwa na miaka tisa.

Onditi aliwahi kubeba bomba la kunyunyizia dawa katika mashamba ya mpunga kule Ahero. Kwa sifa hiyo tu alirudi akijiita mtaalamu wa wadudu. Alitembea na kioo cha kukuzia kilichopasuka, akatazama nacho kila kitu isipokuwa ujinga wake.

Basi mvua zilipoanza, vidudu vyenye mbawa vikatoka nyuma ya kabati la nyanya yangu, ambaye tulimwita Dani. Kabati hilo babu alilichonga kwa mikono yake mwaka aliomwoa, na tangu afariki Dani hakuwa na kitu kingine cha kumkumbuka. Baba, karani aliyependa sana kusifiwa na majirani, akamwita Onditi.

Onditi akaweka kioo jichoni, akakohoa kama hakimu. "Hii ni mchwa, bado mtoto. Kabati imeisha ndani. Msipochoma leo, itapanda kwa paa."

Dani akaokota mmoja. Alikuwa ametega kumbikumbi, yaani mchwa walioota mbawa, tangu usichana wake. Kwetu ni kitoweo, twawaita ngwen, na hata mtoto anajua kuwachambua.

"Bwana, angalia kiuno," akasema. "Ngwen haina kiuno. Mwili yake ni moja tu, na mbawa zote nne ziko sawa. Hii ni sisimizi ya sukari imeota mbawa." Akamtia mdomoni, akamtema. "Hata mafuta haina."

Onditi akacheka. Baba naye akacheka, kicheko chembamba cha mtu anayemwonea mama yake aibu mbele ya mgeni. "Mama, wachia wenye wamesoma."

Mimi nilikuwa na wawili kiganjani. Niliviona viuno vyao, vyembamba kama uzi, na sikusema neno. Mtoto hamkosoi mtu mzima, tuliambiwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga, na adabu ikanipa pa kujificha.

Kabati likamwagiwa mafuta ya taa uani mchana ule, na Baba mwenyewe akawasha kiberiti. Mbao zilipopasuka motoni zilionekana nzima ndani, bila tundu hata moja. Onditi akasema mchwa wamekimbia. Kesho yake sisimizi walikuwa kwenye bakuli la sukari, wamepanga mstari wao kama kawaida. Dani aliwatazama, akauliza kwa upole, "Leo tutachoma nini?"

Kwa miaka mingi nilimdharau Onditi peke yake, na ilikuwa raha. Kisha, nikiwa mtu mzima, nilirudi nyumbani wakati wa mvua nikamkuta Baba, sasa mzee, ameketi kibarazani na sinia ya kumbikumbi. Aliwachambua huku akinisimulia habari za majirani, bila hata kutazama. Sisimizi mmoja mwenye mbawa alikuwa amejichanganya humo. Kidole gumba cha Baba kilimpapasa kiunoni, kikamtupa chini, kikaendelea na kazi.

Nilishindwa kula. Kumbe siku ile alijua, kama nilivyojua mimi. Dani alikuwa na mashahidi wawili pale penye kabati. Mmoja alicheka, mwingine akanyamaza.