Gitaa la Anko na Kiyoyozi Tulichokiita Trekta

Kila nikisikia kiyoyozi cha zamani kinaunguruma, midomo yangu hujifunga yenyewe na koo likaanza kuitikia: mmmmm. Imenitokea benki, imenitokea hata msibani. Usinicheke bado, ngoja kwanza nikueleze nilikofundishwa adabu hiyo.

Nilikulia Doha, mtaa wa Al Mansoura, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na sebule. Mama alikuwa nesi. Mdogo wake, Anko Kariuki, aliendesha basi la wafanyakazi wa hoteli na usiku alilala kwenye kochi letu. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa na sikupenda kutoka nje. Ingekuwa Kenya ningeitwa mvivu, lakini Doha ni mji wa heri kwa watu wa aina yangu: miezi minne ya mwaka jua lenyewe linakufungia mlango. Anko aliniita Kono, kifupi cha konokono, maana alisema siku nitakapolazimishwa kutoka nitaibeba nyumba mgongoni.

Sebuleni, kwenye tundu la dirisha, palikuwa na kiyoyozi kilichotoa harufu ya vumbi lililolowa na kudondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Kiliunguruma sauti moja tu, asubuhi mpaka jioni, kama trekta lililokwama shambani. Basi tukakiita Trekta.

Anko naye alikuwa na ndoto moja tu: kuimba kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Ukishangaa, basi hujaishi na watu wa Nyandarua, Kenya. Kwetu muziki huo unapigwa harusini na kwenye malori ya maziwa, na nimeona wazee wakiulilia bila kuelewa neno hata moja la Kiingereza chake. Anko alitunga zake mwenyewe kwa Kiswahili, nyuma ya daftari langu la hesabu. Mwanzoni zilijaa farasi. Farasi mwenyewe alikuwa amemwona kwa karibu mara moja tu, kwenye soko la Souq Waqif, akiwa amebeba polisi.

"Kariuki," Mama alimwambia, "wewe hata punda hujapanda. Si uimbe kile ulichokikama?"

Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo wa ng'ombe.

Gitaa aliachiwa na dereva mwenzake Mfilipino aliyekuwa akirudi kwao. Hakuna aliyemfundisha kulipiga. Aligundua mwenyewe kwamba uzi wa pili kutoka juu, ukiukaza mahali fulani, unaimba sauti ileile ya Trekta, na zile nyuzi nyingine ukizipanga kwa kuufuata huo, gitaa limekaa sawa. Ndivyo alivyofanya kila jioni: sikio kwenye kiyoyozi, vidole kwenye gitaa, ulimi umetoka kidogo. Mama akizima Trekta, na utunzi umezimwa.

Mwishowe Mama alichoka. Alisema haiwezekani nesi mzima aingie wodini akiwa na wimbo wa ng'ombe kichwani. Wakenya walikuwa na mkutano wao Ijumaa iliyofuata, maana Ijumaa ndiyo Jumapili yetu kule, na Anko alikuwa ameomba nafasi ya kuimba. "Wakikupigia makofi, kaa na gitaa lako," Mama alisema. "Wakikucheka, khalas, imekwisha, tunalipeleka kanisani likafanye kazi ya Mungu."

Anko akakubali. Lakini wiki ile, kwa mara ya kwanza, alibakisha ugali.

Ijumaa yenyewe tulianza na ibada, na gitaa likangoja kwenye buti la gari. Mwezi wa saba, Doha, kwenye buti! Hata mkate ungeiva mle. Tulipofika ukumbini Abu Hamour, nyuzi zilikuwa zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mimi nilitafuta makazi mara moja, nikayapata chini ya meza ya chapati, kitambaa kimeshuka hadi sakafuni. Kutoka pale, kwenye upenyo wa kitambaa, niliona kila kitu, na mkono ukifika juu kidogo, nilipata pia chapati.

Anko alipanda jukwaani na kofia pana ya kuchunga ng'ombe. Akagusa uzi, akakunja uso. Akageuka kutafuta ukuta wa kuegemeza sikio. Hapakuwa na kitu. Ule ulikuwa ukumbi wa kitajiri. Baridi ilishuka kutoka kwenye dari kimyakimya, kama mtu anayepumua akiwa ameshiba. Akakaza uzi, akalegeza, akakaza tena.

"Vipi, bwana," akasema mshereheshaji, askari mmoja wa lango la hoteli, "ng'ombe amekata kamba?"

Watu wakacheka. Nikamwona Mama anafunga zipu ya mkoba wake polepole.

"Kono!" Anko akaita kwenye kipaza sauti. "Kono, toka huko chini ya chapati. Kuja unipe Trekta!"

Kitambaa kikafunuliwa. Macho ya watu mia yakanikuta na mdomo umejaa. Sijui nilifikaje jukwaani; nadhani miguu ilienda, mimi nikafuata baadaye. Anko akanishika mkono, akanivuta karibu na kipaza sauti. Nikameza, nikafumba macho, nikaunguruma: mmmmm. Kama kuna sauti niliyoijua duniani ni hiyo. Nilikuwa nimekaa nayo ndani msimu wote wa joto.

Anko akaniachia, akapanga uzi ule wa Trekta. Vicheko vikapungua. Akapanga mwingine, na mwingine. Akina mama wa mbele wakaanza kuunguruma pamoja nami, na nyuma madereva nao wakaingia kwa besi. Juu ya mngurumo huo Anko akaanza:

"Karembo wangu wa mlimani, nani anakukama leo?
Ananawa mikono kwanza, au anakuja na haraka?"

Dada mmoja, mfanyakazi wa nyumbani, akasimama ghafla. "Wangu anaitwa Waridi!" akapaza sauti, huku analia na kucheka. "Baraka!" akajibu mwingine. Majina ya ng'ombe yakamiminika kutoka kila kona, na katikati yake nikasikia sauti ninayoifahamu: "Na Kadogo! Kadogo alikuwa na teke!" Alikuwa Mama.

Gitaa halikwenda kanisani. Miaka miwili iliyofuata Anko aliitwa kwenye harusi na sherehe za kuzaliwa, Al Thumama na kwingineko, na kila mahali alinibeba kama kifaa cha kazi. Nilinung'unika njia nzima. Nilikuwa najiona mtu muhimu sana: bila mimi, hakuna gitaa.

Sasa sikiliza aibu yangu. Nilipofika sekondari, mwalimu wa muziki akatuambia kwamba gitaa linalopigwa peke yake halihitaji sauti ya nje. Anzia uzi popote. Mradi nyuzi zipatane zenyewe, yatosha. Jioni ile nilimpigia Anko, ambaye tayari alikuwa amerudi Nyandarua na kuimba kila wikendi.

"Ulikuwa unajua kwamba Trekta halihitajiki?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe Kono, ile sauti nilikuwa nayo kichwani kuliko jina langu."

"Sasa mbona uliniita?"

"Niliogopa, Kono. Nikatafuta mtu mmoja mle ndani anayeogopa kuliko mimi, nimshike mkono nijifanye shujaa. Nani mwingine, kama si yule wa chini ya meza?"

Nilimwita mwongo, nikamkatia simu, nikampigia tena. Miaka yote hiyo nilidhani nilitolewa chini ya meza ile kwenda kushika sauti. Nilikuwa nimeenda kushikwa mkono tu, na wala sikumbuki ni nani kati yetu aliyekuwa akiogopa zaidi.