Kondoo Juu ya Paa la Wakwe

Naandika haya aibu ikiwa bado mbichi. Mwezi uliopita binti yangu Tumaini, aliyeolewa visiwa vya Faroe, kaskazini kabisa mwa Ulaya, alinialika nikatalii na kuwaona wakwe. Mimi ni mtu wa mtaa wa Mpemba, mjini Tunduma, nimezoea kulala malori yakinguruma barabarani. Ukimya wa kule ulininyima raha. Hata Tumaini aliponipeleka kuona majabali na ndege wa baharini, sikuweza kusimama mahali pamoja.

Siku ya kuwatembelea wakwe, wao wakiwa jikoni, nikatoka kuzungukazunguka nje. Paa lao lilikuwa limeota majani mabichi. Nikawahurumia, nikidhani wamekosa bati. Kisha nikamwona kondoo juu yake.

Kwetu mnyama akipanda paa ni hasara. Nikaona hapa ndipo nitakapojipatia heshima ukweni. Nikavua viatu, nikapanda ngazi iliyoegemea ukuta, na suti yangu na tai, nikamkumbatia yule kondoo shingoni. Akanikokota hadi kileleni. Watalii wakasimama barabarani kupiga picha, nami nikawapungia mkono, nikidhani wananipongeza.

Baba mkwe wa Tumaini akatoka nje, Tumaini akimfuata. Akasema jambo kwa upole, Tumaini akainamisha kichwa.

“Anasemaje?” nikauliza.

“Baba, mwachie. Huku mapaa huoteshwa majani makusudi, na kondoo wamempandisha wenyewe asubuhi ayale. Anauliza kama na wewe una njaa, maana chakula kiko ndani.”