Upande wa Kioo Aliosafisha Egesa

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hakuna pa kuchekea. Mimi si mtu wa kuamini mizimu. Nina diploma ya ufundi wa magari, niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha vioo vya malori kwenye foleni ya mpakani Malaba. Nimekaa Doha miaka sita, minne kati yake nikiwa msimamizi wa watu kumi na wanane wanaosafisha magari ambayo wewe umeyaona kwenye simu tu. Nikikuambia nimeona kitu, nimekiona.

Nilirudi Aprili bila kumwambia mtu. Nilitaka kuingia kwetu Busibwabo na gari langu jeupe, mama atoke jikoni akidhani ni mheshimiwa. Zaidi nilitaka Egesa alione. Egesa ni mdogo wangu wa kuachiana ziwa. Vioo vya malori tulivisafisha pamoja, mimi upande wa dereva, yeye upande wa abiria, na ndoto ya gari ilikuwa yetu wawili. Nikiwa Doha tuliandikiana kila wiki. Kupiga aliacha, aliandika kwamba simu yake imeharibika, haitoi sauti. Kisha ujumbe wake ukaanza kuishia na "Mungu akubariki", maneno ambayo Egesa hakuyatumia hata kanisani. Je, mimi mwenye diploma niliuliza? Sikuuliza.

Nilitoka Malaba saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua ikiwa imekatika. Wewe wa huku unajua kinachofuata mvua ya Aprili ikikatika jioni. Kumbikumbi! Nilipopita Adungosi walikuwa wanagonga kioo kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria. Mbawa, mafuta, matumbo. Nikafanya kosa ambalo Doha ningemfukuzia mtu kazi: niliwasha waipa ziwafute. Kioo kikawa kama kimepakwa siagi, na taa za malori yanayokuja zikageuka mawingu ya manjano. Na bado, niamini, sikutaka kusimama. Nilijiambia nitasafisha nyumbani.

Mara mtu akatokea kando ya lami upande wa kushoto, ameinua mkono. Nikakanyaga breki. Alikuwa Egesa.

Sikushtuka. Msimu wa kumbikumbi watu hujaa kando ya barabara na mabeseni kuwaokota, naye alikuwa na beseni lake, mtungi wa maji na magazeti kwapani. Nikaruka nje nimkumbatie. Akarudi nyuma hatua moja, akicheka.

"Wacha, boss, utachafua hiyo shati. Ndio gari hii? Mbona imefunga macho?"

Nikafungua buti la gari, nikatoa dawa ya kunyunyizia na kitambaa laini nilichotoka nacho Doha.

"Diploma," akasema, maana ndilo jina alilonitania nalo siku zote, "rudisha marashi yako. Mdudu hasuguliwi akiwa mkavu. Mdudu analoweshwa."

Akalowesha magazeti, akayabandika kwenye kioo upande wa abiria, akaanza kupiga mluzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu tangu utotoni: unabandika gazeti, unapiga mluzi wa wimbo mmoja wa kanisani mpaka uishe, ndipo unabandua. Ulipoisha akabandua, na uchafu wote ukatoka na karatasi. Upande ule uling'aa kama siku gari lilipotoka kiwandani.

Mambo mawili niliyaona, ila akili ilikataa kuyapokea. Kumbikumbi walijaa kwenye taa, wakajaa kwenye nywele zangu, lakini juu yake hakutua hata mmoja. Na buti zake za mpira, katika matope yale, zilikuwa kavu, zina vumbi.

"Ingia twende," nikamwambia. "Tumshtue mama."

"Mimi niko kazi hapa. Waambie nimekusafishia kioo. Upande wako maliza mwenyewe, na usiendeshe kabla hujaona mbele."

Nikainama kulowesha gazeti alilonipa kwa maji ya mtungi wake. Nilipoinuka, pale alipokuwa amesimama palikuwa na nyasi tu. Nilidhani amejificha, kama tulivyozoea kufanyiana. Nikamaliza upande wangu, nikapiga honi mara tatu, nikaenda.

Nyumbani mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Nikasema, "Egesa nimemwacha barabarani, amenisafishia kioo." Vigelegele vikakatika. Dada yetu Nabwire akaketi chini palepale kwenye matope. Mama akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya migomba. Kaburi lilikuwa la saruji, na saruji yenyewe ilikwisha kuota ukungu.

Miaka miwili. Alikuwa anaokota kumbikumbi kando ya barabara ile ile. Lori likaja, kioo kimejaa wadudu, dereva amewasha waipa. Hakumwona.

Nikauliza, "Na aliyeniandikia wiki jana?"

Nabwire akatoa simu ya Egesa. "Ni mimi, kaka. Mama alisema ukijua utaacha kazi urudi. Na ulikuwa umefika mbali."

Mchungaji alijua. Majirani waliokuwa wakinisalimia kwa simu walijua. Mimi nilikuwa nawatumia picha za magari ya watu. Nilichota udongo nimtupie ndugu yangu, kama inavyompasa mkubwa wake, nikakosa pa kuutupa. Saruji haipokei udongo.

Siku hizi nimepanga chumba Busia mjini. Gari lipo, njoo ulione. Msimu ukifika, upande wa dereva huchafuka kama wa kila mtu, nami huulowesha na kupiga mluzi. Upande wa abiria haujagongwa na mdudu hata mmoja tangu jioni ile. Nimewabeba watu washuhudie. Mmoja aliniomba nimshushe Bumala na safari bado ndefu. Mama hupiga simu: "Tulikuficha kwa kukupenda, baba." Labda. Ila ndugu zangu walio hai waliniandikia uongo kila wiki, na yule aliye chini ya saruji ndiye aliyekuja barabarani kunipokea.

Kwa hiyo wewe uliye mbali na kwenu, usitosheke na ujumbe, dai sauti. Na wewe unayeendesha baada ya mvua, usiwashe waipa. Simama, lowesha, ngoja wimbo mmoja uishe. Huenda mbele yako kuna mtu amesimama na beseni, na mahali fulani ana kaka ambaye hakuna atakayemwambia.