Kwa Nini Ouma Alipinduliwa

Juzi kaka yangu Ouma alinitembelea Kawangware, na kabla ya kuketi aliitikisa stuli kwanza. Nilicheka hadi chai ikanipalia, maana nilijua anakumbuka nini.

Tulikuwa wadogo, mtaani Mashimoni, mvua ikipiga mabati na stovu ya mafuta taa ikinuka chumba kizima. Mama alikuwa akipika chapati. Dada yetu mkubwa, Achieng, alisoma kwa sauti, akijiandaa kwa mtihani wa historia: kwa nini wananchi walimpindua mfalme. Mkate ulikuwa ghali. Maskini walilipa kodi, wakubwa hawakulipa. Mfalme alishiba, wengine wakalala njaa.

Mimi neno kupindua nililijua kwa chapati tu. Nilimwona mfalme akigeuzwa chali, taji likibiringika.

Kisha nikamtazama Ouma. Maji tulichota sisi wasichana. Yeye alikuwa ametulia kwenye stuli, anakula chapati ya tatu, na sisi hatujaonja hata moja.

Sikujua kwamba mapinduzi huchukua miaka, na damu. Yangu yalihitaji mkono mmoja. Nikashika mguu wa stuli, nikauinua.

"Ai! Nani amemwangusha huyu mtoto?" Mama akauliza.

"Hajaangushwa," nikasema. "Amepinduliwa. Sababu uliza Achieng."

Mama alicheka mpaka chapati ikaungua. Kesho yake Ouma alibeba mtungi wa maji bila kuambiwa.

Juzi nilipoleta chapati, aliisukuma sahani kwangu.

"Anza wewe," akasema. "Hii stuli yako siiamini."